Daftari la Ndege wa Shambani

Ndugu msomaji, leo nakuuliza swali moja tu. Shambani kwako kuna ndege wa aina ngapi? Usinijibu upesi upesi kwamba ni wengi. Nataka hesabu. Na kama wajua hesabu ya leo, je, mwaka juzi walikuwa aina ngapi? Na siku zile baba yako alipofyeka shamba hilo mara ya kwanza?

Jibu lako nalijua, maana ndivyo tunavyojibu sote. Mzee atasema, "Zamani walikuwa wengi kuliko sasa." Kijana atasema, "Mbona wapo tele!" Na wote wawili wasema kweli kwa kadiri ya macho yao. Mzee akumbuka kanga waliokuwa wakitoka porini makundi kwa makundi. Kijana hakuwaona kanga hao, basi hawezi kujua kwamba wamekosekana. Hapo ndipo penye hatari. Nchi yaweza kupoteza viumbe vyake polepole, mwaka hata mwaka, na kila kizazi kikadhani ya kuwa ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Sasa angalia desturi ya Kanisa. Padre paroko akitaka kujua ni watoto wangapi waliobatizwa mwaka 1974, hawaiti wazee wakae chini ya mwembe wakumbuke. Hufungua daftari la ubatizo. Humo mna jina la mtoto, siku, mahali, wazazi na msimamizi. Aliyeandika pengine alikwisha kufa zamani, lakini daftari lasema badala yake. Habari ya leo ni ya daftari la namna hiyo, ila si la watu, ni la ndege wa mashambani. Siku hizi daftari hilo limo ndani ya kompyuta, nao wataalamu huliita kanzidata. Usitishwe na neno. Ni daftari kubwa ambalo watu elfu waweza kuandika ndani yake kwa siku moja, na mtu akiuliza swali lapanga majibu kwa dakika chache.

Kwa nini ndege, wala si nyoka au vipepeo?

Shamba lenye afya lina viumbe vingi kuliko tunavyodhani: minyoo, mchwa, nyuki, buibui, vyura, panya, majani ya kila namna. Wingi huo wa aina za viumbe huitwa bioanuwai. Hakuna mtu awezaye kuvihesabu vyote. Mnyoo yuko chini ya udongo, popo hutoka usiku, na buibui wengi hata jina hawana katika lugha zetu. Lakini ndege huamka nasi, huimba, hupita mbele ya macho, na kila mtoto mchunga mbuzi awajua. Tena kila ndege ana chakula chake. Chiriku akipungua, tazama mbegu za majani. Mbayuwayu wakipungua, tazama wadudu warukao. Bundi na kipanga wakipotea, uliza wale panya wamekula nini. Hivyo ndege ni kama kile kipimajoto cha zahanati. Hakikutajii jina la ugonjwa, lakini chakuambia kwamba homa ipo, uende ukatafute.

Hata hivyo tusikisifu kupita kiasi. Udongo waweza kuchoka chini na mbayuwayu asijue habari. Ndege husema mengi, hawasemi yote.

Yaliyowapata Waingereza

Nchi iliyotangulia kuliweka vema daftari la ndege wa mashambani ni Uingereza. Mwaka 1962 chama kiitwacho British Trust for Ornithology kilianza kuwahesabu ndege wa kawaida kila mwaka, kwa sababu kilimo kilikuwa kinabadilika upesi na watu walianza kuwa na wasiwasi juu ya dawa mpya za mashambani. Waliohesabu hawakuwa wataalamu wa kulipwa. Walikuwa watu wa kawaida wenye kupenda ndege. Kila mmoja alikuwa na eneo lake, akalizunguka mara nane mpaka kumi majira ya ndege kutaga, na kila ndege aliyemwona au kumsikia akamtia katika ramani. Tangu mwaka 1994 wana njia nyingine iliyo nyepesi: mtu hupewa kipande cha nchi chenye kilomita moja kila upande, hukitembelea mara mbili kwa mwaka alfajiri, na kuandika. Kipande hicho hakuchagua mwenyewe; huchaguliwa kwa bahati nasibu. Kwa nini? Kwa sababu ukimwachia mtu achague, atakwenda penye ndege wengi, na daftari litadanganya.

Basi daftari hilo likafunua jambo ambalo hakuna mkulima aliyelitambua kwa macho. Tangu katikati ya miaka ya 1970 ndege wa mashambani walianza kushuka, na kushuka kwenyewe kulikuwa kwa kasi. Leo kipimo chao, kinachofuata aina 19 za ndege, kiko chini ya nusu ya kile cha mwaka 1970. Hua mmoja wa huko, ambaye sauti yake tangu zamani ilikuwa dalili ya majira ya joto, amepungua hata katika kila mia waliokuwako mwaka 1970 hawakubaki watano.

Na sasa sikiliza ajabu yake. Mizoga haikuonekana imetapakaa mashambani. Zile sumu kali za awali, zilizoua ndege waziwazi, zilikuwa zimekwisha kuanza kukatazwa. Ndege hawa walikufa kwa njaa. Zamani mkulima wa Kiingereza alivuna ngano na shayiri mwezi wa nane, akayaacha mabua shambani mpaka mwezi wa tatu, ndipo alipopanda tena. Katika miezi ile ya baridi, wakati hakuna mdudu wala jani, ndege walikula punje zilizoanguka kati ya mabua. Ikaja mbegu ya kupandwa mara baada ya mavuno, yenye kuzaa zaidi. Mabua yakatifuliwa mapema, na chakula cha ndege kikaondoka pamoja nayo. Tena ikaja dawa ya kuua magugu. Dawa hiyo haimwui kwale, lakini yaua magugu; magugu yakifa, wadudu waliokula magugu hawapo; na kinda wa kwale, ambaye katika majuma yake ya kwanza ahitaji wadudu, hufa. Mtaalamu aitwaye Dick Potts aliifuata habari hiyo katika mashamba ya Sussex tangu mwaka 1968, akaonyesha mnyororo wake pete kwa pete.

Wakati huo wote ghala za Waingereza zilijaa. Hili lazima lisemwe wazi. Mkulima aliyepanda mapema alikuwa na watoto wa kusomesha kama wewe. Lakini kama si daftari, angeendelea kuamini kwamba shamba lake ni lile lile la babu yake, ila tu limeongeza magunia.

Jinsi hesabu inavyofanywa

Pengine wasema: hesabu ya ndege ni rahisi, wajumlishe wote basi. La, hapo ndipo wengi wanapokosea. Fikiri juu ya kwaya ya parokia. Tuseme ina waimbaji 40. Sauti ya kwanza wakiondoka kumi, na badala yao wakaja wanaume kumi wa besi, watu ni 40 vile vile, lakini nenda Jumapili ukasikilize! Ndivyo ilivyo kwa ndege. Pale Dar es Salaam na Mombasa kunguru wa Bara Hindi wamejaa hata wanaiba chakula mezani. Ukijumlisha ndege wote waweza kudhani mji una baraka ya ndege, kumbe kunguru hao huyala mayai na makinda ya wengine.

Kwa hiyo Waingereza humpa kila ndege 100 katika mwaka wa kwanza, aina iliyo tele na aina iliyo haba sawasawa. Baadaye hutazama kila aina imepanda au imeshuka kwa kiasi gani, kisha hutafuta wastani wa mabadiliko hayo. Aina moja ikiongezeka mara mbili na nyingine ikapungua kwa nusu, kipimo hubaki pale pale. Hivyo yule njiwa wao mkubwa, ambaye ameongezeka sana, hawezi kuwaficha wenzake wanaopotea.

Mwaka 1999 Serikali ya Uingereza ilikitia kipimo hicho katika hesabu zake kuu za hali ya nchi, pamoja na kazi, afya na shule. Ndege wa shambani wakasomwa mahali pamoja na ajira! Lakini kukubali kipimo si kupona. Serikali hiyo iliweka ahadi kwamba mpaka mwaka 2020 kushuka kule kungegeuzwa kuwe kupanda. Mwaka 2020 ulifika, haikuwa hivyo.

Walipofaulu ni pale walipotazama ndege mmoja mmoja na mahitaji yake. Katika wilaya ya Devon, kusini-magharibi ya nchi ile, kulikuwa na ndege mdogo wa manjano mwenye koo jeusi, jamaa ya chiriku. Mwaka 1989 walihesabu, wakakuta jozi 118 tu zimebaki. Wataalamu wakachunguza: wakati wa baridi ataka mabua ya shayiri yenye punje na magugu, wakati wa joto ataka panzi kwa makinda yake, na hapendi kusafiri mbali. Basi wakulima wa hapo wakalipwa kidogo ili wayaache mabua yao mpaka baridi ipite, na kuacha ua wa vichaka na majani marefu kando ya shamba. Walipohesabu mwaka 2016 walipata jozi 1,078. Na kilimo hakikufa Devon.

Na kwetu je?

Usidhani ni habari ya Wazungu peke yao. Katika Kenya, kati ya mwaka 1970 na 1977, watu kadhaa walipita barabarani kwa gari wakiandika kila tai, mwewe na kipanga waliyemwona. Karatasi zile zikahifadhiwa. Kati ya mwaka 2003 na 2020 wengine wakapita tena na kuandika vile vile. Matokeo yalitolewa mwaka 2022: katika aina 22 zilizolinganishwa, 19 zilikuwa zimepungua, na upungufu ulikuwa mkubwa zaidi nje ya mbuga za hifadhi, yaani huku tunakoishi na kulima sisi. Mmoja wa waliopungua ni yule tai mweusi mwenye kishungi kichwani, akaaye juu ya nguzo ya simu akivizia panya wa shambani. Bila karatasi za miaka ya 1970 nani angejua? Tungebaki na ubishi wa mzee na kijana.

Lakini hapa nasikia mama mmoja akiguna. "Ndege! Ndege hao hao waliokula mtama wangu?" Mama, sikukatalii. Kwelea ni balaa. Aliyepata kukaa juu ya dungu toka alfajiri mpaka jioni, akivuta kamba za madebe na kurusha mawe kwa teo, kisha akavuna nusu ya alichokitegemea, hahitaji mahubiri juu ya uzuri wa ndege. Nawasifu watu wa Kondoa wanaowatega kwelea na kuwafanya kitoweo; hiyo ni akili.

Ila kwelea ni aina moja. Wengi wa ndege wa shambani hawagusi punje yako. Yangeyange hufuata ng'ombe akila wadudu. Chozi hubeba chavua toka ua hata ua. Korongo weupe wanaotujia kutoka Ulaya hushuka mahali penye viwavijeshi na kuwala bila kudai mshahara. Bundi, ambaye watoto humpiga mawe kwa kuwa wameambiwa ni ndege wa wachawi, ndiye mlinzi wa ghala lako usiku, na Mkristo anayemwua kwa hofu hiyo amejiletea panya mwenyewe. Hata mnana, mwizi wa mtama, anapokuwa na makinda huwakusanyia wadudu kutwa. Na ndege ya Serikali inaponyunyiza ile sumu iitwayo fenthioni juu ya malalo ya kwelea, ndege wengine wanaolala hapo hufa pia, na mwewe na bundi wanaokula kwelea walioanguka hupata sumu. Kama hakuna daftari linaloonyesha ni nani waliokuwapo kabla ya dawa na ni nani waliobaki baada yake, hatutajua tulilipa bei gani kwa kuokoa mtama ule. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliligusa jambo hili katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alipoonya kwamba sumu ya mashambani huviondoa hata viumbe ambavyo kilimo chenyewe chavihitaji.

Saa moja yatosha

Sasa nakuletea njia ambayo familia yako yaweza kuitumia. Haikutoka Ulaya. Ilitengenezwa na Derek Pomeroy na wenzake kwa ajili ya nchi kama zetu zenye aina nyingi mno za ndege. Wahitaji saa, karatasi na kalamu. Darubini ni kitu kizuri, lakini sikio la mtoto wa kijijini lafaa vile vile.

Toka asubuhi, saa moja kamili, uzunguke shambani polepole mpaka saa mbili. Saa hiyo igawe vipande sita vya dakika kumi kumi. Kila aina ya ndege, iandike mara moja tu, pale unapoiona au kuisikia kwa mara ya kwanza. Aliyepatikana katika dakika kumi za kwanza apewa alama 6; katika kumi za pili, alama 5; hivyo hivyo mpaka kipande cha mwisho, alama 1. Asiyepatikana kabisa, sifuri. Humhesabu kila ndege mmoja mmoja, na hapo ndipo penye werevu wake: ndege walio tele huonekana mapema karibu kila siku, ndege walio haba huchelewa au hukosa. Ukirudia mara kumi na mbili au zaidi, wastani wa alama wakuambia nani ni tele na nani ni haba. Mwakani fanya tena mwezi ule ule, njia ile ile, saa ile ile. Ukibadili njia umeanza daftari jipya.

Mgumu kidogo ni mambo ya majina. Kwa Kiswahili twasema "mnana" kwa ndege wa aina nyingi, na jina la kikabila la kijiji hiki silo la kijiji cha pili. Kwa hiyo andika jina ulijualo, kisha ongeza rangi, mdomo, miguu na mlio. "Mnana wa manjano, kichwa cheusi, jicho jekundu" ni habari. "Ndege mdogo" si habari. Usibahatishe jina ili karatasi ionekane imejaa.

Waachie watoto kazi hii. Wao ndio wakaao dunguni kuamia ndege, na kijana wa miaka kumi na miwili pengine awajua ndege kuliko mwalimu wake. Manati ibaki nyumbani siku hiyo. Na kama jumuiya yenu ndogo ndogo ina katibu mwenye mkono mzuri wa kuandika, karatasi za nyumba zote zaweza kukaa katika daftari lake moja.

Kutoka hapo zaweza kufika mbali. Mwalimu au katekista mwenye simu ya intaneti aweza kupeleka orodha katika kanzidata iitwayo eBird, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2002 na ambayo tangu mwaka 2010 hupokea orodha kutoka nchi zote za dunia, bila malipo. Yenyewe itamwuliza: je, hii ni orodha ya ndege wote uliowatambua? Ajibu kwa uaminifu. Akiandika ndege asiyetazamiwa mahali hapo, mtaalamu atamwuliza alimwonaje. Asikasirike, ndivyo daftari linavyotunzwa lisiingie uongo. Ndugu zetu wa Kenya wana pia Kenya Bird Map, iliyoanza mwaka 2013, ambayo imeigawa nchi yao katika miraba yenye kilomita kama tisa kila upande. Orodha zake zaweza kulinganishwa na kitabu cha ramani za ndege wa Kenya kilichotolewa mwaka 1989.

Jambo la mwisho kwa mwenye kushika kalamu. Siku utakapozunguka saa nzima usimsikie dudumizi, andika sifuri mbele ya jina lake, usiache nafasi tupu. Mjukuu wako akija kuisoma karatasi hiyo, nafasi tupu haitamwambia kama dudumizi hakuwapo au wewe ulisahau.